Mvi si hatia

Ni jambo la aibu kwamba katika Kaunti ya Kilifi mtu aliyejaliwa umri mrefu huziogopa mvi zake mwenyewe. Kwa miaka mingi wazee wamekuwa wakivamiwa na kukatwa mapanga kwa tuhuma za uchawi, na mara nyingi wanaoshukiwa ni watu wa nyumba zao: wana, wajukuu, wapwa. Wapo waliolazimika kutia nywele rangi nyeusi ili wasalimike.

Uchawi ni kisingizio. Aghalabu kiini ni shamba. Baba ndiye mwenye ardhi, hajaigawa wala hasemi ataigawa lini. Mwana amepita miaka 30, hana kazi, na dalali anambembeleza kila uchao. Hapo ugonjwa wa mtoto hutafutiwa wa kulaumiwa. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa mwaka 1925, inamhesabu kuwa mkosaji hata anayemsingizia mwenzake uchawi, lakini maneno ya matangani hayafiki mahakamani kwa wepesi.

Kinachoudhi zaidi ni kwamba wazee wa Kimijikenda ndio waliotuhifadhia misitu ya kaya. UNESCO ilipoitia misitu hiyo katika orodha ya turathi za ulimwengu mwaka 2008, ilikuwa imesimama kwa karne kadhaa bila ua wala askari. Kilichozuia shoka ni miiko. Mwaka uliofuata, mila zenyewe ziliorodheshwa miongoni mwa zile zinazohitaji kunusuriwa kwa dharura. Nani atazinusuru ikiwa wenye kuzijua wanazikwa kabla ya siku zao?

Hata hivyo, wazee nao wasijitakase. Kijana akiuliza habari za kaya huambiwa angoje akue, naye akikua huwa amekwisha kwenda zake Mombasa. Huko Kwale, katika Kaya Kinondo, wageni hufungwa kaniki kiunoni wakatembezwa msituni kwa malipo, na miiko ikabaki pale pale. Kijana apataye riziki kwa njia hiyo ana sababu ya kumwombea mzee wake uhai.

Kilifi nayo iwape vijana nafasi ya kusikiliza na kusema katika mabaraza ya kaya. Akina baba nao wagawe mashamba wangali hai, mbele ya mashahidi, na hati ziandikwe kwa majina ya wana na mabinti. Machifu wanazijua nyumba zenye ugomvi wa ardhi, waanzie huko.