UFUNDI WA NYUMBANI: Kadi Nzito na Sloti Iliyovunjika

Familia ya askari haina mizizi mahali pamoja. Amri ya uhamisho ikija, vyombo vyote hupakiwa katika lori: vitanda, masufuria, cherehani, na siku hizi kompyuta pia. Ichukuliwe mfano wa nyumba ya koplo aliyehamishwa kutoka Gulu kwenda Mbarara, safari ya zaidi ya kilomita 500. Mkewe hujipatia riziki kwa kuhariri video za harusi, na kazi hiyo huitegemea kadi ya michoro iliyo kubwa na nzito. Kompyuta ilisafirishwa ikiwa imesimama wima, kadi ikining'inia ndani yake. Ilipowashwa katika nyumba mpya, kioo kilibaki giza tupu. Kijana wao alifungua kasha, akaikuta kadi imeinama, akaivuta kwa nguvu bila kulegeza komeo lake. Komeo likavunjika, na ukingo wa sloti ukapasuka.

Bibi harusi anaisubiri video yake Jumamosi, na malipo ya awali yamekwisha kulipia karo. Baba anafoka, mwana ameinamisha kichwa, na jirani amekuja na chupa ya gundi. Kabla chupa hiyo haijafunguliwa, yafaa jambo moja lieleweke: sloti haikuundwa kubeba uzito. Kazi yake ni kupitisha umeme na habari kati ya kadi na ubao mkuu, ule ambao mafundi huuita madabodi.

Sloti za namna hii, zijulikanazo kama PCI Express, zilianza kuonekana katika kompyuta za nyumbani mwaka 2004, wakati kadi zilikuwa nyepesi. Kufikia mwaka 2022, kadi kubwa kabisa zilipita uzito wa kilo 2. Mtu na ashike mfuko wa unga wa kilo 2 kwa mkono ulionyooshwa mbele. Baada ya muda mfupi atajua ni taabu gani inayoipata sloti ya plastiki mchana na usiku. Uzito huo hupaswa kubebwa na kasha la chuma, kupitia skrubu za bamba la nyuma na nguzo iliyowekwa chini ya ncha ya mbele.

Sasa madhara na yapimwe bila hasira. Kwanza, kompyuta izimwe, waya wa umeme uchomolewe, kisha kitufe cha kuwashia kibonyezwe kwa sekunde chache ili umeme uliosalia uishe. Mkono uguse chuma kitupu cha kasha kabla ya kugusa kitu kingine. Pili, waya za umeme za kadi zichomolewe na skrubu zifunguliwe; ikiwa komeo bado liko, lilegezwe, ndipo kadi itolewe kwa kuivuta sawasawa. Tatu, sloti imulikwe kwa tochi. Ndani yake mna vijino 164 vya chuma, 82 kila upande, na vyote yapasa viwe vimenyooka kama askari kwenye gwaride. Kadi nayo itazamwe karibu na pengo la komeo, kwani hapo ubao wake huweza kupasuka.

Ikiwa kilichovunjika ni komeo tu, hakuna msiba. Komeo ni msaidizi. Kadi huweza kufanya kazi bila yeye, mradi skrubu zimekazwa na nguzo imewekwa. Nguzo huuzwa madukani, lakini kipande cha mti mkavu kilichokatwa kwa kipimo chatosha, mradi kisiguse feni wala kutikisika. Waya wa chuma usitumiwe kamwe kufungia kadi.

Ikiwa ukingo wa plastiki umepasuka ilhali vijino ni vizima, njia iliyo salama zaidi ni kulilaza kasha ubavu, ubao mkuu ukiwa chini. Hapo kadi husimama wima, na uzito wake huikandamiza ndani ya sloti badala ya kuipindua. Matundu ya hewa yasizibwe.

Lakini ikiwa vijino vimepinda au kugusana, au sloti imeng'oka kwenye ubao, umeme usiwashwe hata kwa kujaribu. Sloti hiyo hupitisha umeme wa volti 12, na kijino kimoja kilichogusa jirani yake chaweza kuunguza kadi na ubao pamoja. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye vifaa vya kulehemu. Mbao nyingi zina sloti ya pili inayoweza kutumika wakati huo, ingawa huenda kadi ikafanya kazi polepole zaidi. Nayo gundi ya jirani irudi kwake: ikichuruzika juu ya vijino, huzuia umeme, na sloti iliyokuwa ikitengenezeka huwa taka.

Katika nyumba ya koplo, tochi ilionyesha vijino vyote vimenyooka. Kasha lililazwa, kadi ikarudishwa, skrubu zikakazwa, na kioo kikawaka. Aliyeshika tochi wakati wote ni yule kijana, na baba yake ndiye aliyempa.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kabla ya uhamisho ujao, kadi nzito itolewe na ifungwe peke yake katika mfuko maalumu usiokusanya umeme tuli, kisha katika boksi lenye kitambaa laini. Isipowezekana kutolewa, kasha lisafiri limelazwa juu ya godoro, ubao mkuu ukiwa chini, wala pasiwekwe gunia juu yake.