Wabunge wakikutana na wafanyabiashara, mama wa soko anakaa wapi?

Mara mbili kwa mwaka, katikati ya Juni na katikati ya Desemba, Bunge la taifa linafunga vikao vyake vya kawaida huko Kinshasa. Wabunge wanarudi kwa watu waliowachagua, na mara nyingi tunasikia kwamba wamekutana na wafanyabiashara: viongozi wa Shirikisho la Makampuni ya Kongo (FEC), wenye maduka makubwa, wenye magari ya mizigo. Wanaulizana swali moja: ni sheria gani ipite kwanza? Majibu tumeyazoea. Kodi zipunguzwe, barabara zitengenezwe, forodha isikawize mizigo.

Mikutano hiyo ni mizuri. Mbunge asiyewasikiliza wafanyabiashara atapiga kura juu ya kodi bila kujua bei ya gunia la maharagwe. Lakini sisi wa Mashariki tuna maswali mawili: nani amealikwa mkutanoni, na wabunge waombwe nini hasa?

Tuanze na aliyealikwa. Katika parokia zetu nyingi, biashara ni mama anayetoka nyumbani kabla ya mapambazuko akiwa na beseni la nyanya, samaki au unga wa muhogo. Anatoa franka za tiketi ya soko, na njiani anatoa nyingine kwenye kizuizi. Mwenye magunia elfu moja anaweza kuigawanya kodi juu ya magunia yote, lakini mama huyu anaitoa yote katika beseni moja. Yeye si mwanachama wa FEC, na siku ya mkutano na mbunge yuko sokoni, kwa sababu asipouza, watoto hawali. Basi orodha ya sheria zinazotakiwa inaandikwa bila yeye.

Swali la pili ni zito zaidi. Tukizisoma sheria zilizopo, tunaona kwamba mengi anayohitaji mama huyu yameandikwa tayari. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 174, inasema kodi haiwezi kuwekwa ila kwa sheria. Tarehe 13 Machi 2018 ilitolewa sheria inayoorodhesha kodi na malipo yote ya majimbo, miji, komini, sekta na sheferi, ili kila mtu ajue kipi kinadaiwa na nani. Hata hivyo, mwaka 2017 watafiti wa taasisi ya IPIS walihesabu karibu vizuizi 800 vya barabarani katika Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini. Vingine vilisimamiwa na watu wenye silaha, vingine na watumishi wa serikali yenyewe. Orodha ya 2018 ilikuja baada ya hesabu hiyo, na anayesafiri leo kwa barabara zetu anajua kwamba vizuizi havikuondoka.

Kwa nini sheria ipo na uonevu upo? Sababu moja ni fedha. Kifungu cha 175 cha Katiba kinayapa majimbo asilimia 40 ya mapato ya taifa, nayo yazuiliwe palepale yanapokusanywa. Kwa miaka mingi majimbo yamelalamika kwamba hayapati sehemu hiyo kama ilivyoandikwa. Jimbo lisilopata haki yake kutoka juu linaitafuta chini, na aliye chini kabisa ni mama mwenye beseni. Watumishi wasiolipwa vizuri nao wanajilipa wenyewe barabarani.

Sababu ya pili ni kwamba wanaopaswa kuchunguza hawapo kazini. Bunge la jimbo ndilo linalotunga sheria za jimbo, zile tunazoziita édit, na ndilo linaloisimamia serikali ya jimbo. Lakini katika Ituri na Kivu ya Kaskazini, utawala wa kijeshi, yaani état de siège, ulianza tarehe 6 Mei 2021, na mabunge ya majimbo hayo mawili yakasimamishwa. Wananchi walipiga kura tena Desemba 2023, ila si Masisi wala Rutshuru, lakini kura hiyo haikurudisha usimamizi wa raia. Kisha Goma iliingia mikononi mwa M23 mwisho wa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari. Ndugu zetu walio huko wanatozwa na wenye nguvu ambao hawakuchaguliwa na mtu, na hakuna mbunge wa kuwauliza.

Kwa hiyo tunaona kwamba sheria mpya haifai kuwa ombi la kwanza. Wafanyabiashara wamwombe mbunge afanye kazi yake ya pili, ile inayosahauliwa: kuichunguza serikali. Kifungu cha 138 kinampa njia za kuifanya. Anaweza kumwuliza waziri swali la mdomo au la maandishi, anaweza kumwita ajieleze, na Bunge linaweza kuunda tume ya uchunguzi. Swali moja juu ya asilimia 40, au juu ya kizuizi kimoja kinachojulikana kwa jina la kijiji chake, laweza kumsaidia mama wa soko kuliko sheria mpya ambayo hataiona.

Tusisahau pia kwamba sheria nzuri isiyojulikana ni kama haipo. Sheria ya Julai 2016 iliyorekebisha Kanuni ya Familia iliondoa sharti la mwanamke aliyeolewa kupata ruhusa ya mume kabla ya kufanya mkataba. Ni wake wangapi katika kanisa letu wanaijua? Na ni waume wangapi wanaijua na kunyamaza?

Parokia zetu zinaweza kufanya nini? Kwanza, mbunge akija, mchungaji aombe nafasi kwa wawakilishi wa wauzaji wadogo, na mkutano uwekwe saa ambayo soko limefungwa. Pili, mama wafike na maandishi: tulilipa nini, wapi, siku gani, na tulipewa risiti au hapana. Malalamiko ya jumla ni rahisi kuyakwepa, lakini daftari lenye tarehe linadai jibu. Tatu, kifungu cha 27 kinampa kila Mkongomani haki ya kuandikia mamlaka ombi, peke yake au pamoja na wengine, nayo inapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Penye vita, yule anayeandika asiachwe peke yake. Barua iende kwa jina la wengi, na busara itangulie.

Yohana Mbatizaji, kadiri ya Injili ya Luka, aliulizwa na watoza ushuru na askari nini wafanye. Hakuwatungia sheria mpya. Aliwataka watoza ushuru wasipite kiasi kilichowekwa, na askari waache kuwanyang'anya watu. Hata huku kwetu kiasi kimewekwa. Anayetakiwa sasa ni mbunge wa kwenda kuuliza kwa nini kinapitwa.