Lugha ya Fundi wa Breki Yastahili Darasa

Imeota mizizi miongoni mwa wasomi wetu dhana kwamba Kiswahili ni lugha ya mashairi na majukwaa ya siasa, na kwamba anayetaka kueleza mtambo sharti akimbilie Kiingereza. Wenye dhana hiyo hawajasimama penye gereji za jua kali za Kibera na Kawangware wakamsikiliza fundi akichunguza breki za gari kuukuu.

Nitatoa mfano wa kalipa, kile kishikio cha chuma kinachobana pedi mbili kwenye diski. Mteja akisema "breki zinashika", anasifu. Akisema "breki zimeshika", analalamika: gurudumu haliachiliwi hata mguu ukiondoka kwenye pedali. Kitenzi ni kile kile. Kiambishi ndicho kilichogeuza sifa kuwa hitilafu. Mwalimu anayefunza tofauti ya -na- na -me- ana haja gani ya kumrudia tena Juma anayecheza mpira?

Fundi hatosheki na neno la mteja. Huuliza: je, gari lavuta upande mmoja? Rimu moja ina moto kuliko nyingine? Kisha hulipandisha kwa jeki na kulizungusha gurudumu kwa mkono. Likikataa, hulegeza nati ndogo ya kutolea hewa. Likiachilia hapo, shinikizo la mafuta lilikuwa limenaswa, na mshukiwa wa kwanza ni mpira wa breki ulioziba ndani. Lisipoachilia, kosa limo katika kalipa yenyewe: pistoni imeshika kutu, au pini zake zimekauka grisi. Hiyo ni mantiki kamili, nayo imesemwa kwa Kiswahili.

Asiyezifuata hatua hizo hununua pedi mpya na kuiacha kalipa mbovu. Pedi huliwa upesi, joto huzidi, na mafuta ya breki yakichemka katika mteremko wa Mai Mahiu, pedali huzama bure huku abiria wamo ndani.

Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo, kijana wa Kibera aliyepokea ujuzi huu kwa mdomo hukabidhiwa mtihani wa Kiingereza, akahesabiwa hajui. Wanafunzi wa isimu na waende gerejini na madaftari, wayaandike maneno jinsi yasemwavyo. Kalipa ibaki kalipa. Istilahi zilizobuniwa mezani fundi atazicheka. Kisha waketi na walimu wa ufundi, watunge kitabu chembamba ambacho mwanagenzi anaweza kukifungua kwa mikono yenye grisi.