Mafunzo ya Maafa Yaanzie Kijijini

Tarehe 6 Novemba 2022, ndege yenye watu 43 ilipoanguka katika Ziwa Victoria, jirani na uwanja wa Bukoba, wavuvi wenye mitumbwi walikuwa miongoni mwa waliotangulia kuifikia. Watu 24 walinusurika. 19 walifariki dunia. Taifa liliusifu ujasiri wa wavuvi wale, na lilistahili kuusifu. Lakini ujasiri hauchukui nafasi ya mafunzo.

Funzo hilo ni zito kwa Inyonga, makao makuu ya Wilaya ya Mlele mkoani Katavi, mji ulio zaidi ya kilomita 100 kutoka Mpanda. Misitu ya miombo inayouzunguka huwa hatarini kuungua wakati wa kiangazi. Mvua nazo huharibu barabara na kuchafua visima. Tena, mkoa huu unagusa Bonde la Rukwa, ambako Desemba 1910 lilitokea tetemeko la ardhi linalokadiriwa kuwa na ukubwa wa 7.4.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inataka kamati za maafa ziwepo hadi ngazi ya kijiji. Hata hivyo, kamati isiyofunzwa ni orodha ya majina tu. Mafunzo yakiishia kwa maofisa, ujuzi huondoka siku wanapohamishwa. Mrina asali, mkulima wa tumbaku, dereva wa bodaboda na mkunga wa jadi hawahamishwi. Hao ndio wafunzwe kwanza.

Wafundishwe kukandamiza jeraha linalovuja damu. Kumwagia aliyeungua maji safi ya baridi kwa dakika 20, bila kumpaka dawa ya meno. Kumnywesha mwenye kuharisha maji ya chumvichumvi. Na kufyeka njia za kuzuia moto kabla ya kiangazi kukolea. Kila kitongoji kijue pia nyumba za wazee, wajawazito na wenye ulemavu, na nani atakayewatoa.

Yapo madai kwamba halmashauri hazina fedha. Lakini stadi hizi hazihitaji mitambo. Zahanati inaweza kuzifundisha, na kijiji kikazifanyia mazoezi kila mwaka. Hazitachukua nafasi ya hospitali wala ya zimamoto. Zitamwezesha majeruhi kuwa hai gari la wagonjwa litakapofika.