Kiinua Mgongo Kilichopitishwa Mbio

Usemi kwamba haraka haraka haina baraka umekaririwa madarasani hata ukachujuka. Sheria ya Hazina ya Kitaifa ya Malipo ya Uzeeni (NSSF) ya mwaka 2013 inaurejeshea makali yake. Sheria hiyo ilitiwa saini tarehe 24 Desemba 2013, mkesha wa Krismasi, ikaanza kutumika tarehe 10 Januari 2014. Siku 17 tu, tena za sikukuu! Nani alitarajiwa kuisoma?

Mtu ashukapo Mukumu, kwenye barabara ya Kakamega kuelekea Kisumu, huona shule, hospitali na kanisa vya misheni ya Kikatoliki. Taasisi za namna hii, hapo na kwingineko nchini, hubebwa na wapishi, walinzi, wafuaji na wafyekaji nyasi. Na tumfikirie mpishi mmoja apokeaye shilingi 15,000 kwa mwezi. Chini ya utaratibu wa zamani alikatwa shilingi 200, na mwajiri wake akaongeza 200. Viwango vipya vya asilimia 6 vilipoanza kutozwa Februari 2023, makato yake yalipanda hadi shilingi 900. Kwa aliye na mshahara mnono zaidi, kilele cha makato kilikuwa shilingi 1,080 mwaka huo. Kufikia Februari 2025 kilikuwa 4,320.

Isidhaniwe kwamba kuweka akiba ndiko kunakopingwa hapa. Shilingi 200 kwa mwezi hazimtunzi mzee yeyote, na aliyetetea kiwango hicho kidumu alikuwa akitetea ufukara. Aidha, sheria ilikuwa na azma njema: kuigeuza hazina ya akiba, iliyomlipa mstaafu kwa mkupuo mmoja, iwe mfuko wa kumlipa kila mwezi. Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapopaswa kutega sikio. Katika mazungumzo ya kila siku, "kiinua mgongo" na "pensheni" hutumiwa kana kwamba ni kitu kimoja. Sivyo. La kwanza ni fungu linalotolewa mara moja, nalo laweza kununua ng'ombe au kuezeka nyumba. La pili ni riziki ya mwezi hadi mwezi. Kumhamisha mtu kutoka hili hadi lile ni kuubadilisha mpango wake wa uzeeni, na hakuna anayestahili kubadilishiwa mpango huo bila kuelezwa kwa lugha anayoimudu.

Bunge halikuwa na subira hiyo. Mswada haukupelekwa Seneti, ilhali wafanyakazi wa kaunti nao huchangia. Matokeo yake yanajulikana. Septemba 2022, Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iliiharamisha sheria nzima. Februari 2023, Mahakama ya Rufaa ikautengua uamuzi huo kwa hoja kwamba mahakama ya kwanza haikuwa na mamlaka ya kuisikiliza kesi. Februari 2024, Mahakama ya Upeo ikasema mamlaka hayo ilikuwa nayo, ikairudisha kesi kwa Mahakama ya Rufaa. Miaka 10 ilikwisha katika mivutano ya mawakili, na makato yakaendelea. Wabunge waliookoa majuma machache walimgharimu mchangiaji muongo mzima wa kutojua akiba yake imesimama wapi.

Yapo mambo yasiyohitaji fedha nyingi kurekebishwa. Katiba ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na kifungu cha 118 kinalilazimu Bunge kuushirikisha umma. Ushirikishaji kwa Kiingereza cha mawakili, katika tangazo la gazeti asilolinunua mpishi, ni kiinimacho. Kila mswada unaogusa mishahara na uzee wa watu hauna budi kutolewa kwa Kiswahili kabla ya kusomwa mara ya pili, na kupewa muda wa kujadiliwa mashinani. Watafsiri wapo. Idara za Kiswahili zimejaa wanafunzi wanaosaka mada za tasnifu, na Chuo Kikuu cha Masinde Muliro ki karibu na Mukumu. Kundi la wanafunzi wachache laweza kuianza kazi hiyo kwa sheria hii hii ya 2013: kuitafsiri, kuichapa kwa kurasa chache, na kuisomea hadhira sokoni Khayega.