Mbayuwayu wa Buluu na Makao Yake Mawili

Mwezi wa Aprili, baridi inapokaribia nyanda za juu za kusini mwa Afrika, mbayuwayu wa buluu huyaacha makao aliyozalia na kushika njia ya kaskazini. Miezi ya katikati ya mwaka huimaliza katika mbuga za nyasi zilizo karibu na Ziwa Victoria: Ghuba ya Sango nchini Uganda, Minziro nchini Tanzania, na Ruma nchini Kenya. Ni ndege mdogo, ambaye buluu yake imekoza hata kivulini hudhaniwa kuwa mweusi. Dume hutambulika kwa nyuzi mbili ndefu za mkia.

Wako mbayuwayu ambao hujenga popote penye ukuta na paa. Huyu hataki nyumba ya mtu wala tawi la mti. Mwishoni mwa Septemba hurejea kusini, kwenye nyasi za milimani zenye ukungu, kama za Kitulo nchini Tanzania, Nyika nchini Malawi na Kaapsehoop nchini Afrika Kusini. Huko huingia ndani ya shimo la ardhini, aghalabu lililochimbwa na mhanga alipotafuta mchwa, akagandisha kiota cha matope na majani makavu karibu na dari yake, kisha akakitandika manyoya. Mhanga akimalizwa na wawindaji, mbayuwayu naye hupungukiwa na mahali pa kutagia.

Upandaji wa miti husifiwa kila mahali, na mara nyingi ni haki usifiwe. Lakini kwa ndege huyu mti umekuwa adui. Nchini Afrika Kusini mashamba makubwa ya misonobari na mikaratusi, yaliyopandwa kwa ajili ya mbao na karatasi, yalizifunika nyasi za milimani, na sasa jozi zinazozalia nchini humo hazifiki 100.

Upande wa ziwa, hasara imeletwa na jembe. Mbuga za Busia, magharibi mwa Kenya, zimelimwa kwa sehemu kubwa. Ruma ilisalimika kwa sababu nyingine kabisa: mbung'o wa Bonde la Lambwe waliwazuia wakulima kwa miaka mingi, kisha mwaka 1966 bonde likatengwa, na mwaka 1983 likawa hifadhi ya taifa, hasa kwa ajili ya korongo, ambao nchini Kenya wamesalia humo tu. Mbayuwayu alijipatia hifadhi iliyokusudiwa mwingine. Huonekana humo akiruka chini chini juu ya nyasi, akinasa wadudu, mpaka majira ya kurudi kusini yafike.