Nzi wetu hawana jina, na mimi nimechoka

Haya makomredi, leo hakuna habari za mesi, hakuna habari za HELB kuchelewa, hakuna umbea wa hosteli. Leo nina hasira na nitaimwaga hapa hapa. Ukiona ni ndefu, nenda katafute chai kwanza, halafu urudi.

Mada ni nzi. Ndiyo, nzi. Si wale wa mesi (hao wana siku yao, wangoje). Nasema nzi bandia, wale wanaofungwa kwenye ndoano kwa uzi na manyoya ili samaki adanganyike, adhani ni mdudu wa kweli ameanguka majini. Huko Ulaya na Marekani kuna watu wanaishi kwa ajili ya mchezo huu. Mtu anaamka alfajiri, anasimama mtoni maji yamemfika kiunoni, anatupa uzi siku nzima, akimshika trauti anampiga picha, anamwachilia aende zake. Sawa, kila mtu na starehe yake. Sisi tuna Arsenal.

Lakini wangapi kati yenu mnajua kwamba nzi hao wanafungwa hapa Kenya? Si utani. Fulling Mill, kampuni ya Uingereza ambayo kila mpenzi wa mchezo huo anaijua, ina kiwanda chake hapa kwetu. Na mbali na viwanda kuna karakana ndogo ndogo, akina mama na vijana wamekaa kwenye benchi, vaisi ndogo mbele yao, wanafunga tangu asubuhi hadi jioni. Kazi inapakiwa, inapanda ndege, inaenda.

Sasa hoja yangu ni hii, na nitaiweka waziwazi ili anayetaka kubishana abishane na kitu: mtu wa ng'ambo akifunga nzi mmoja jioni nyumbani kwake, inaitwa sanaa. Mama wa kwetu akifunga dazani kwa dazani kwa siku, wale wale, kwa ndoano ile ile, inaitwa kibarua. Huo ni uongo, na ni uongo unaolipa watu fulani vizuri sana.

Tuanze na ufundi wenyewe, maana kuna msee wa darasa letu alisema eti hiyo ni "kazi ya mtu aliyekosa kwenda shule". Maze, jaribu basi! Shangazi yangu amefunga nzi miaka mingi kuliko umri wangu, na sehemu ya karo yangu ya sekondari ilitoka kwenye vidole vyake, kwa hiyo nimeikalia hiyo benchi. Unabana ndoano ambayo ni ndogo kuliko punje ya mchele. Unazungusha uzi mwembamba kama nywele. Ukivuta kidogo tu kupita kiasi unakatika, ukilegeza nzi anafunguka samaki wa kwanza akiuma. Unaweka mkia, nyuzi chache tu za unyoya, na lazima urefu uwe sawa na wa yule wa kabla yake. Unasokota manyoya laini ya sungura kwenye uzi, unajenga mwili. Unafunga unyoya wa jogoo shingoni, unauzungusha ili nyuzi zake zisimame pande zote, ndizo zitakazomfanya aelee juu ya maji. Unamaliza kwa fundo, tone la vanishi, na jicho la ndoano lisizibe. Halafu unafanya tena. Na tena. Na wa mia moja afanane na wa kwanza kama pacha, la sivyo mkaguzi anamtupa na hulipwi. Mimi baada ya wiki nzima ya likizo nilikuwa na nzi wanne wa kuonyesha watu, na shangazi aliwaangalia akasema tu, "Mwanangu, rudi kwa vitabu."

Haya, tuje kwenye majina. Watu wa mchezo huu wanapenda majina kupita kiasi. Kuna nzi anaitwa Adams. Alifungwa mwaka 1922 na Len Halladay wa Michigan, na akapewa jina la rafiki yake Charles Adams, aliyekwenda naye mtoni akamjaribu. Yaani mteja ndiye aliyepewa jina! Kuna Pheasant Tail wa Frank Sawyer, Mwingereza mlinzi wa mto Avon, aliyemfunga kwa nyuzi za mkia wa ndege na waya wa shaba tu. Kuna Clouser Minnow wa Bob Clouser. Kuna Royal Wulff, jina la Lee Wulff. Vizuri, mimi sina shida na hao. Mtu akibuni kitu apewe heshima yake. Tena kampuni kama Umpqua ya Marekani huwalipa wabunifu mrabaha kila nzi wao wanapouzwa. Safi kabisa.

Hata jogoo ana jina. Manyoya bora ya kufungia yanatoka kwa majogoo wanaofugwa kwa kazi hiyo tu, na mmoja wa wafugaji wakubwa ni Whiting Farms wa Colorado. Majogoo wake maarufu wana ukoo unaojulikana kwa jina la Hoffman, yule mfugaji aliyewaanzisha. Kwa hiyo mbunifu ana jina, mteja ana jina, kampuni ina jina, jogoo ana ukoo ulioandikwa. Mtu aliyekaa akafunga nzi mwenyewe? Kimya. Jogoo amemshinda binadamu, jamani.

Halafu wanakuja na visingizio. Kimoja: "Hao wanafuata sampuli tu, hawabuni." Kingine: "Hao hata hawavui samaki, hawawezi kuelewa nzi." Vyote viwili vinajibiwa na mtu mmoja, na si Mkenya.

Anaitwa Megan Boyd. Alizaliwa Uingereza mwaka 1915, akaishi maisha yake huko kaskazini mwa Scotland, karibu na Brora, akifunga nzi wa samaki salmoni kwenye kibanda kando ya nyumba yake. Alifunga kwa oda, kwa kuuza, hiyo ndiyo ilikuwa riziki yake. Alifunga Jock Scott na nzi wengine wa zamani waliobuniwa na watu kabla hajazaliwa, yaani alifuata sampuli. Na hakuwa mvuvi, hakutaka kuua samaki. Je, walimwita kibarua? Thubutu! Charles, ambaye sasa ni mfalme wao, alikuwa mteja wake. Mwaka 1971 alipewa nishani ya British Empire Medal. Macho yalipoanza kushindwa akaacha kazi, na alipofariki mwaka 2001 magazeti makubwa yaliandika maisha yake. Leo nzi wake wanawekwa kwenye fremu ukutani.

Alistahili, na narudia, alistahili. Ninachouliza ni kimoja: shangazi yangu amemkosea nini Mungu? Naye anafunga kwa oda. Naye havui. Naye macho yameanza kushindwa. Tofauti yao ni anwani tu.

Ukitaka kujua nzi mmoja anaweza kuthaminiwa kiasi gani, sikia hii. Juni 2009, mwanafunzi wa muziki huko London, komredi mwenzetu kabisa, Edwin Rist, Mmarekani wa miaka 20, alivunja dirisha la jumba la makumbusho la Tring akaiba ngozi 299 za ndege, baadhi zikiwa zimekusanywa na Alfred Russel Wallace karne ya 19. Za nini? Manyoya ya kufungia nzi wa salmoni wa kizamani, nzi ambao wengi wanaowafunga hawakusudii kabisa kuwatia majini. Akawauzia wapenzi wa ufundi huo, nao wakanunua. Mwaka 2011 akapewa kifungo cha miezi 12, kilichoahirishwa, hakulala jela. Basi ukisikia mtu anasema kufunga nzi ni kazi duni, mkumbushe kwamba kuna watu wameiba urithi wa sayansi kwa ajili ya kazi hiyo duni.

Kuna kisingizio cha tatu, na hiki kinaniudhi zaidi: "Nzi wa Kenya ni wa bei rahisi, wanafunguka." Bwana, mikono ni ile ile! Anayeagiza kwa bei ya kutupa, bila mkaguzi, na ndoano za ovyo, atapata alichonunua. Anayeleta vifaa vizuri na kulipa kazi nzuri anapata nzi wanaouzwa kwenye maduka ya watu wenye pesa zao, dola mbili au tatu kila mmoja. Shangazi alinionyesha daftari lake. Dazani nzima haimpi bei ya nzi mmoja huko dukani. Sitaji karakana yake, ana kazi ya kulinda. Lakini msiniambie kwamba rahisi ni Mkenya. Rahisi ni oda.

Sasa najua mtu wa uchumi ameshaanza kukuna kichwa. "Mkidai zaidi, oda zitahamia Asia." Hilo si la kucheka nalo. Sri Lanka na Thailand wanafunga, tena wanafunga vizuri. Karakana ikifungwa, shangazi hapati heshima wala shilingi. Ndiyo maana dai langu la kwanza si pesa, ni jina. Kwenye kila pakiti, karatasi ndogo: nzi hawa wamefungwa na fulani, mahali fulani. Inagharimu nini? Wino.

Na usidhani naomba huruma. Hii ni biashara. Tuliotoka Nyeri tumeiona kwenye kahawa. Zamani kahawa yetu ilikuwa ikifika kule inachanganywa na nyingine, kwisha. Leo mnunuzi wa kahawa nzuri anataka kuona kwenye mfuko jina la kiwanda cha chama cha ushirika ilikosafishwa, na anailipia zaidi kwa sababu anajua inatoka wapi. Jina lilipanda kwenye mfuko, bei nayo ikapata mguu wa kusimamia. Mvuvi wa Scotland anayeweza kukueleza historia ya Adams kwa nusu saa atashindwaje kupenda kujua ni nani aliyemfunga huyu aliye mkononi mwake? Akimpenda, mara ijayo atamwomba kwa jina. Mtu anayeombwa kwa jina hahamishiwi Asia kirahisi.

Nimewasema wa ng'ambo, sasa zamu yetu. Maana sisi ndio wa kwanza kuwacheka. Trauti aliletwa kwetu mwaka 1905, Ewart Grogan alipoleta mayai kutoka Loch Leven, Scotland, kwa ajili ya mto Gura kule Aberdare. Zaidi ya miaka mia! Bintimfalme Elizabeth alikuwa kwenye nyumba ya Sagana, kando ya mto wa trauti, alipopata habari tarehe 6 Februari 1952 kwamba baba yake amekufa na yeye ni malkia. Mito bado ipo: Gura, Sagana, Thego, Ragati. Na bado tunauita "mchezo wa wazungu", na shangazi aliyefunga maelfu ya nzi hajawahi kumwona mmoja wao akielea mtoni, saa moja tu kwa matatu kutoka benchi lake. Hiyo si lawama ya Ulaya peke yake. Hiyo ni yetu.

Komredi wa usanifu, mito yetu ina wadudu wake. Chora nzi wa Gura, kaa na mfungaji, mpe jina la mfungaji. Komredi wa biashara, acha kuandika mpango wa saluni ya kumi na tano, andika wa karakana inayomilikiwa na wafungaji wenyewe. Komredi wa kompyuta, wewe unajua kazi yako. Na wewe uliyesema ni kazi ya waliokosa shule: njoo rumu kwangu, vaisi ninayo, uzi ninao. Funga wawili wanaofanana, nitakununulia chapati na maharagwe wiki nzima.

Shangazi yangu anaitwa Wanjirũ. Sasa mnajua jina moja. Mengine yako kwenye mabenchi, yanangoja mtu wa kuuliza.